MUULIZE BIBI: Sinema uani, mtaa mzima ukaribie

Shikamoo Bibi. Niko Makorora, Tanga. Kila Jumamosi watoto wangu na wa majirani wanaishia kwenye vibanda vya video, wanalipa kiingilio na kuangalia mambo ya watu wazima. Nimefikiria nifungue ua wangu tuoneshe filamu usiku, hata mara moja kwa mwezi. Mume wangu ameona projekta ndogo mtandaoni, imeandikwa lumeni 9,000 za mwanga na bei ni ya chini sana. Tuinunue? Na pazia tunapata wapi?
Mama wa watatu, Makorora

Marahaba mwanangu. Msiinunue.

Projekta nyingi za bei chee huandikwa namba za kumfurahisha mnunuzi. Kipimo cha kuuliza ni lumeni za ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa kanuni moja inayokubalika, na hizo ndogo zikipimwa hivyo mara nyingi haziondoki kwenye mia kadhaa. Nenda kwa wanaopiga video za harusi, uulize nani ana projekta ya ofisini ya lumeni 3,000. Ikodi usiku mmoja, siku ya katikati ya wiki ambapo haina shughuli, uijaribu hapo hapo uani. Ukishaona kwa macho yako ndipo mzungumzie kununua.

Wala msiwe na tamaa ya picha kubwa. Mwanga ni ule ule: ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo linakuwa mara nne, kila sehemu inabaki na robo ya mwanga. Picha ya upana wa mita mbili na nusu inawatosha watoto wote wa mtaa wakikaa mkekani.

Una ukuta wenye lipu laini? Upake chokaa, pazia limekwisha. Rangi ya mafuta iacheni, inameremeta na aliyekaa pembeni haoni kitu. Kama ukuta hauna, wachapaji wa mabango huwa na mabango yaliyomaliza kazi. Chagua lenye mgongo mweupe. Shuka nalo linafaa, ila tundika kaniki nyuma yake ili taa za ng'ambo zisipenye. Funga kamba kona zote na ubavuni, chini pitisha mti mzito. Likilegea, kusi ya Julai italijaza upepo kama tanga la jahazi.

Lakini kabla ya mashine na kabla ya pazia, tafuta giza. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa moja kasoro robo, kutegemea mwezi wa mwaka, na giza lenyewe hutimia kama nusu saa baadaye. Watu waswali Isha, watoto wale, ndipo muwashe. Chagueni siku ambazo mwezi ni mchanga, maana huzama mapema. Jirani mwenye taa ya nje mwendee mchana kwa miguu yako, umkaribishe yeye na wanawe, umwombe aizime. Ukimpigia simu filamu imeshaanza, umemwudhi bure. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa nao wapate habari mapema.

Spika iweke chini ya pazia, usiiweke ubavuni mwa projekta, ili sauti itoke walipo wanaosema. Tumia waya, Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, mdomo unafunga ndipo neno linafika.

Mimi nimeonesha filamu uani kwangu Ngamiani tangu wajukuu wakiwa wa kubebwa. Mwanga ukiwaka tu, watoto huinuka kwenye mkeka, wananyoosha mikono, ukutani anatokea sungura, anatokea mbwa anayefungua kinywa, na aliye mfupi anabebwa begani naye apate kivuli chake. Wapeni dakika kumi za mchezo huo, washibe. Kisha inua projekta, iweke juu ya kreti la soda lililo mezani, mwanga upite juu ya vichwa.

Sasa filamu yenyewe, na hapa nakuomba unisikilize sana. Flashi ya kununua kichochoroni imeiba jasho la mtu. Akaunti mnayolipia mtandaoni nayo ni ya kutazama nyumbani. Mtaa mzima ukiketi uani hayo ni maonesho ya hadhara. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na maonesho ya hadhara yanasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Afisa utamaduni wa halmashauri atakueleza utaratibu. Mwenye filamu naye mwandikieni, mwambieni ni watoto wa Makorora na hakuna kiingilio. Akikubali, mtaje jina kabla ya kuanza, watoto wajue filamu ina mwenyewe.

Mkoa wetu una historia na jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu za mafunzo, wakazizungusha vijijini kwa lori. Walichagua wao nini Mwafrika akione. Leo mnachagua ninyi, basi mchague kweli: kaeni akina mama wawili watatu, muitazame yote tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya mtoto yeyote. Na iwe ya Kiswahili, kwani wadogo hawawahi kusoma maandishi ya chini.

Bibi, na umeme ukikatika katikati ya filamu?
Kijana wa Mwanzange

Jenereta ya kVA 1 inatosha. Projekta ya balbu hula kama wati 300, spika haizidi 100. Iweke nyuma ya nyumba, mbali na madirisha na watu, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu. Umeme ukikatika, feni ya projekta nayo husimama balbu ikiwa bado ya moto, kwa hiyo usikimbilie kuiwasha. Iache ipoe kwanza. Hapo ndipo mnapogawa machungwa ya Muheza.