Re: Gitaa jipya, kitufe cha toni kinachomoka?
Mkuu, umeuliza kama gitaa lako jipya la umeme ni bovu: hicho kitufe cha toni kinachovutika juu hakijalegea, wala muuzaji hajakupunja. Ukikivuta, pikapu (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti) ya koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya, inabaki na koili moja: sauti inakuwa nyembamba na kali, ila mngurumo wa umeme huwa unaongezeka. Hata mimi sikuambiwa. Niligundua jukwaani hapa Bagamoyo, katikati ya wimbo, aibu tupu!

Uzito wa gitaa nao usikutishe. Ndani ya mwili wake pembeni ni kutupu, lakini katikati kuna gogo la mbao, mtindo wa gitaa la Gibson ES-335 la mwaka 1958, ili gitaa lisipige yowe spika ikifunguliwa sana.

Nyuzi zifute kila ukimaliza kupiga. Kwa upepo huu wa bahari, zangu zilishika kutu ndani ya wiki tatu.