Jumong nilimwona miaka mingi kabla sijamsikia

Mleta mada anasema Wakorea hawajui kuigiza: ni sura nzuri, machozi na mvua, halafu hadithi ni ile ile ya mtoto wa tajiri na binti maskini. Anauliza sisi tunaokesha na tamthilia zao tunaona nini. Mkuu, nakujibu kama mtu aliyekuwa na msimamo huo huo kwa miaka kadhaa, tena huku naziangalia kila wiki.

Mimi nilianza na Jumong, ile tamthilia ya Kikorea ya wafalme wa kale, saluni kwa shangazi yangu, Morogoro. Palikuwa na tivii ya chogo juu ya kabati na deki iliyokuwa inakwama kila baada ya nusu saa. Shangazi anaitoa CD, anaifuta kwa ncha ya khanga, anairudisha, maisha yanaendelea. Wateja walikuwa wanasukwa huku shingo zimegeukia kwenye tivii, naye kazi yake kuwarudisha vichwa: "Tulia wewe, nitakusuka upande." Na kila mtu mle ndani, mfalme Geumwa, Daeso na roho yake mbaya, bibie Soseono, wote walikuwa na sauti moja, ya yule kaka mtafsiri. Anatafsiri, anatania, anawasalimia washkaji zake, anakudokeza na nani atakufa mbele. Tulimpenda kuliko Jumong mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa natembea nikisema Wakorea wanakodoa macho tu. Ningesemaje vingine? Mtu anafungua mdomo, anayeongea ni mwingine.

Kilichonigeuza ni flashi. Mfanyakazi mwenzangu aliniwekea My Mister, ya mwaka 2018, epsodi 16, bila DJ, yaani bila yule mtafsiri wa kuongea juu yake, maandishi chini tu. Nikajua nitasinzia. Mwanamume ni injinia wa majengo, ana miaka arobaini na kitu, amechoka na ndoa na ofisi. Binti ni kibarua pale pale ofisini, madeni mpaka shingoni, anamlea bibi yake asiyesikia. Analipwa na mkubwa mmoja wa kazini ili amharibie yule injinia, kwa hiyo anamtegea programu kwenye simu amsikilize mchana na usiku.

Sasa fikiria kazi aliyopewa mwigizaji. Huyu IU, anayeigiza yule binti, ni mwanamuziki, nilidhani kawekwa kwa ajili ya jina. Karibu nusu ya tamthilia anatembea usiku na spika za masikioni, anasikiliza mtu mwingine akitembea. Anasikia viatu vyake kwenye lami, anamsikia akinywa na kaka yake na mdogo wake, akishusha pumzi kabla hajafungua mlango wa kwake. Hasemi kitu. Uso haubadiliki ila kidogo sana, kama mtu anayejizuia asikohoe. Na anayesikilizwa ni Lee Sun-kyun, marehemu sasa, alifariki Desemba 2023, ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyokuwa silaha yake. Mpe kaka yetu mtafsiri sehemu hiyo afanyeje? Hakuna cha kutafsiri. Atajaza utani, na akijaza utani amekwisha kuifuta.

Kuna sehemu moja ndogo ambayo huwa namwonyesha mtu anayebisha. Binti anarudi chumbani kwake, giza, baridi. Ana vile vipakiti vya kahawa alivyochukua ofisini. Anachana viwili kwa mpigo, anamimina vyote kikombe kimoja, anakunywa. Basi. Hakuna anayeeleza kwamba hicho ndicho chakula chake cha usiku, hakuna muziki wa kukulazimisha umwonee huruma. Tamthilia zetu nyingi hapo pangekuwa na jirani wa kuuliza, "Mbona huli, mwanangu?" ili naye ajibu historia nzima ya familia.

Halafu kuhusu hayo machozi. Ni kweli wanalia, wanalia sana. Ila tafuta Reply 1988, angalia epsodi ya pili. Bibi amefariki, watoto wanafika msibani na huzuni zao, wanamkuta baba yao anacheka na wageni, anapitisha vinywaji, watu wanacheza karata. Watoto wanashangaa, hivi baba hana uchungu na mama yake? Inaendelea hivyo mpaka kaka mkubwa anaingia kutoka Marekani. Wanaangaliana. Hapo ndipo wale watu wazima wote wanapovunjika kwa pamoja, wanakumbatiana wanalia kama watoto. Mimi niliisimamisha, nikatoka nje. Sisi tulipozika kwetu, baba yangu alikuwa ndiye anayegawa viti, anauliza kama wali umetosha, anacheka na watani waliokuja kuvuruga msiba kama kawaida yao. Nikamchukia kimoyomoyo nikiwa na miaka kumi na tatu. Sung Dong-il, anayeigiza yule baba, alinieleza kitu ambacho nyumbani hakuna aliyekaa chini kunieleza, na hakukieleza kwa mdomo.

Jambo jingine linalopotea njiani ni heshima ya lugha. Kikorea kitenzi kinabadilika mwisho wake kutegemea unaongea na nani: mkubwa, bosi, rika, mtoto. Watu wawili wanaotaniana kwa lugha ya adabu epsodi saba nzima, mmoja siku moja akidondosha adabu akaongea ya kawaida, pale pametokea tukio. Maandishi ya chini yataandika "wewe" kama jana. Ni sawa na mkwe aliyekuwa anakuamkia shikamoo kila asubuhi, leo kapita na "mambo". Nyumba nzima itageuka kumtazama, lakini mgeni asiyejua Kiswahili ataona mtu kasalimia tu. Hata jina la My Mister kwa Kikorea lina neno ajeossi, mwanamume wa makamo asiye ndugu yako, kama watoto wa mtaani wanavyomwita mtu anko.

Sasa nikupe haki yako. Ile ya tajiri na maskini ipo, na mimi Boys Over Flowers ya 2009 nilishindwa. Kijana anamburuta binti kwa kifundo cha mkono, tunaambiwa ni mapenzi. Kupoteza kumbukumbu kulikuwamo tangu Winter Sonata ya 2002 na mpaka leo magari yanagonga watu, wakiamka hawakumbuki hata wapenzi wao. Na epsodi ya kumi na moja mpaka ya kumi na nne huwa ni maji yaliyoongezwa kwenye maziwa: wapenzi wanaachana kwa sababu ambayo simu ya dakika mbili ingeimaliza. Jumong yenyewe ilipangwa epsodi 60, watu wakaipenda, ikavutwa hadi 81, na unaiona ilipoanza kuvutwa.

Sehemu ya lawama ni namna zilivyokuwa zinatengenezwa. Kwa miaka mingi walikuwa wanarekodi huku inaruka hewani, epsodi mbili kwa wiki, mwandishi mmoja anaandika usiku, kurasa zinafika kwa waigizaji siku ile ile ya kurekodi. Mwaka 2011 mwigizaji Han Ye-seul aliiacha tamthilia katikati akapanda ndege kwenda Marekani kwa sababu ya ratiba hizo. Mtu hajalala siku mbili, unataka alie kwa ustadi? Siku hizi nyingi zinarekodiwa zikaisha kabla ya kuonyeshwa, na kwa maoni yangu uigizaji umetulia, ingawa maji kwenye maziwa bado yapo. Faida ya mwandishi mmoja ni kwamba hadithi ina mwisho. Epsodi 16, kwaheri. Hamna msimu wa tisa ambapo aliyekufa anarudi akiwa pacha.

Na nijishtaki kidogo. Wakorea wenyewe wana neno balyeongi, yaani kuigiza kwa miguu, wanalitumia kwa waigizaji wabovu, hasa wale wanaotoka kwenye bendi. Baadhi ya ninaowasifia mimi inawezekana wao wanawacheka, kwa sababu mimi sikamati lafudhi ikikosewa. Kumbuka Squid Game ya 2021: wale matajiri wenye vinyago walipotokea wakiongea Kiingereza, dunia nzima ikasema hawa hawajui kuigiza. Ukiielewa lugha unakuwa hakimu mkali. Kwa hiyo sikwambii Wakorea wote ni mafundi. Nakwambia kama umeziangalia kwa DJ, bado hujawahukumu wao.

Likizo iliyopita nilimpelekea shangazi Jumong yenye sauti zake halisi. Nikamchagulia sehemu ya pangoni, Haemosu kipofu, yuko kifungoni, anamfundisha upanga kijana asiyejua kwamba ni mwanawe. Anaongea taratibu, anatega sikio. Mimi nywele zilinisimama. Shangazi akaangalia dakika kumi, mikono imesimama kichwani kwa mteja.

"Huyu kipofu mbona sauti yake siyo?"

"Shangazi, hiyo ndiyo yake. Ile ilikuwa ya mtafsiri."

Akafikiri kidogo, akaendelea kusuka. "Basi, baba, hebu mwambie anyamaze, tuwekee yule wetu."