Kata Kamba za Mashua

Katika Matendo 27, mstari unaopendwa ni wa 24: malaika anamwambia Paulo asiogope, Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Kwenye mikesha nimeusikia mara nyingi, na amina zake huwa nzito. Wa 31 sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Huo ndio ulionikamata mimi.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi. Saruji ikija mifuko 280, nasaini 300. Dereva na dalali wanajua ishirini imeishia wapi, na jioni naletewa "ya soda". Nilipookoka niliacha. Nikawa naomba ulinzi kila usiku, maana wenzangu wale hawakufurahia mtu kujitoa. Ila namba ya dalali sikuifuta. Niliiandika "Fundi Bomba", mke wangu asije akashtuka. Nikajiambia, mambo yakikaza nitajua pa kuanzia.

Sasa rudi baharini. Merikebu ya Aleksandria, imebeba ngano na watu 276, imeondoka Krete majira mabaya. Paulo, mfungwa anayepelekwa Rumi chini ya askari, alikuwa amewaonya. Akida, mkuu wa askari hao, aliona heri amsikilize nahodha na mwenye merikebu. Upepo wa tufani uitwao Eurakilo ukawachukua. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu, wanatia bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina: pima 20. Wanasogea kidogo, wanapima tena: 15. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, kwa hiyo kina kimepungua toka kama mita 37 hadi 27, gizani, na mbele kuna miamba. Wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma, wanaomba kupambazuke.

Hapo ndipo mabaharia wanapoteremsha mashua ndogo ya merikebu ili watoroke, wakisingizia wanakwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele. Kisingizio kizuri kweli, kazi halali kabisa ya baharia. Na huu ndio mstari wa 31, Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Askari hawabishani. Wanakata kamba, mashua inaangukia majini, inapotea.

Ahadi ilikwisha kutolewa na malaika, na bado kuna "wasipobaki". Nilisumbuka sana na neno hilo. Zamani nilidhani utii ni malipo ya ulinzi: nikiwa mwema, Mungu ananilipa. Humu sivyo. Ahadi ilitolewa bure, hata kwa askari ambao kesho yake walitaka kuwaua wafungwa. Lakini waliahidiwa wakiwa ndani ya merikebu. Aliyeshuka na mashua angekuwa amejitafutia mlinzi mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiomba ulinzi, angalia kwanza ubavuni mwa chombo chako kinaning'inia nini. Usitazame dhambi uliyoiacha, hiyo unaijua. Tazama njia ya kuirudia uliyoiachia kamba, ukaipa jina zuri. Na ukate usiku huohuo. Ukisubiri asubuhi utapata sababu. Mimi nilipata sababu miezi minne.

Nikuambie na lingine, maana wahubiri wetu hulirukaruka. Paulo alisema wazi, mstari wa 22, kwamba merikebu itapotea. Ikavunjika kweli pwani ya Malta. Walioweza waliogelea, wengine wakafika juu ya mbao. Mimi nilipofuta namba nilitegemea kupandishwa cheo, usicheke. Niliondolewa stoo, nikapelekwa saiti kuhesabu nondo juani, na mkataba ulipoisha hawakuuongeza. Leo nauza misumari na rangi kwenye kibanda cha mabati. Ni ubao, lakini unaelea.

Mwaka jana simu iliita, namba haina jina. Tarakimu tatu za mwisho nilizitambua. Niliiweka juu ya kopo la rangi, kifudifudi, nikaendelea kumpimia mteja misumari ya nchi nne mpaka ikanyamaza.