Kobe wa manjano si lazima awe albino: tazama jicho kabla ya kulipa

Ndugu mleta mada, umeuliza kama huyo kobe mchanga wa maji unayetaka kuuziwa Houston kwa dola 400 ni albino kweli, na picha uliyoweka inaonyesha mgongo tu. Kwa picha hiyo siwezi kukujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu gamba la manjano ndilo lililonidanganya mimi mwaka 2019, nilipomnunulia binti yangu kobe wa aina hiyo hiyo, mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, katika maonyesho ya reptilia hapa Texas.

Niliyeuziwa alikuwa yule ambaye wafugaji humwita pasteli. Rangi yake iliyopauka huaminika kutokana na joto kali ndani ya mashine ya kutotoleshea mayai, si urithi kutoka kwa wazazi, na ndiyo maana mtu anayemnunua akitegemea kuzalisha albino hupata vifaranga wa kijani wa kawaida. Nilipomgeuza nyumbani, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mbele ya muuzaji, nilikuta madoa ya kijivu tumboni, na kucha zake zilikuwa na weusi. Vipande vya gamba lake navyo havikupangika sawasawa: kobe huyu kwa kawaida ana vipande vitano katikati ya mgongo na vinne kila upande, lakini wangu alikuwa na saba katikati, kasoro inayoonekana mara nyingi kwa pasteli.

Hata hivyo, ushahidi mkubwa uko kwenye jicho. Albino halisi hana melanini, yaani ile rangi nyeusi ya mwili, kwa hiyo mwanga unaoingia jichoni hurudi ukiwa umepita kwenye mishipa ya damu, na mboni huonekana nyekundu au ya waridi. Kobe wa kawaida wa aina hii ana pia mstari mweusi unaokatiza jicho kwa mlalo, kana kwamba mboni imechorewa kamba. Kwa albino mstari huo haupo. Wangu alikuwa nao, umefifia lakini upo, na mboni yake ilikuwa nyeusi tii hata karibu na dirisha. Kobe mweupe mwenye macho meusi naye si albino, hata akiwa mweupe kama maziwa. Huyo hitilafu yake ni nyingine.

Nimeona humu wachangiaji wakisema kuwa kobe akiwa na alama nyekundu nyuma ya jicho basi ni wa bandia. Hilo si sahihi, na linawafanya watu wamkatae mnyama halisi. Kinachokosekana ni melanini peke yake. Wekundu na manjano hutokana na rangi nyingine ambazo ualbino hauzigusi, hivyo albino wa aina hii hubaki na ile alama, wakati mwingine iking'aa kuliko ya kobe wa kawaida.

Uliza pia habari za wazazi. Ualbino hurithiwa kwa njia iliyojificha, kwa hiyo baba na mama wote wawili lazima wawe wamebeba chembe hiyo ya urithi, hata kama wao wenyewe ni wa kijani, na mfugaji makini ataweza kukuonyesha jozi iliyotaga. Kumbuka vilevile kwamba sheria ya Marekani tangu 1975 inazuia kuuza kobe mwenye gamba fupi kuliko inchi 4 ili afugwe nyumbani, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu ugonjwa wa tumbo, na wauzaji wengi huikwepa kwa kuandika kwamba ni kwa ajili ya elimu.

Albino halisi nilimpata miaka miwili baadaye. Haoni vizuri, kwa hiyo chakula chake nakiweka kona ile ile kila siku hadi akakizoea, na chini ya taa ya UVB, yaani taa inayotoa miale kama ya jua, nimemwekea gome la mti ajifiche mwanga unapomzidi.

Mwombe muuzaji picha mbili, moja ya jicho kwa karibu kwenye mwanga wa mchana na nyingine ya tumbo pamoja na kucha, kisha ziweke hapa nizitazame.