Watazamaji wengi, mechi mbovu

Ndugu yangu, unasema kipindi kisicho na watazamaji wengi ni kibovu tu. Haya, chukua Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya Februari 2014, Seattle walipowachapa Denver 43–8. Sekunde 12 tu baada ya kuanza, mpira ulimpita Peyton Manning wa Denver ukaangukia kwenye eneo la mwisho la upande wao wenyewe, Seattle wakapata pointi 2 za bure. Ushindani uliishia karibu hapo hapo. Hata hivyo, watu wapatao milioni 112 waliitazama, rekodi ya Marekani kwa wakati huo. Walishakaa kwenye makochi kabla ya kujua mchezo utakuwaje, na mechi watu huitaka mubashara. Marudio ya kesho nani anayataka?

Tamthilia ni habari nyingine. Hill Street Blues, tamthilia ya polisi, ilipoanza NBC, stesheni ya TV ya Marekani, mwaka 1981 ilikuwa karibu na mkia wa orodha ya watazamaji. Wangeweza kuifuta kabisa. Wakaibakiza, ikazoa tuzo 8 za Emmy, tuzo kubwa za TV za kule, kwa msimu huo wa kwanza, ikadumu hadi 1987. Na wala si kwamba NBC walikuwa wapenda sanaa kuliko wenzao (biashara ni biashara): wachache walioitazama walikuwa vijana wenye kipato, watu ambao kampuni zenye matangazo huwatafuta kwa udi na uvumba. Takwimu za watazamaji kazi yake kubwa ni kupanga bei ya tangazo, ndiyo maana stesheni za kule zikawa zinalikodolea macho kundi la miaka 18 hadi 49 kuliko jumla ya watazamaji.