Madaftari ya Mavyaa

Barua:

"Bi Somo, asalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 45, nakaa Fuoni, Unguja. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, anakaa Wete, Pemba. Miaka 22 tangu niolewe hajanipenda. Ukimsalimu anaitikia, basi. Mwezi wa Rajabu tulimleta mjini kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Alipolazwa nikawa napanga kasha lake, na kwa bahati nikakuta madaftari matatu kayaandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu. Anasema mwaka 1970, akiwa na miaka 17, baba yake alikuwa jela bila kesi. Wakaja watu wakamwambia mama yake kuwa mkubwa mmoja anamtaka binti, na akikubaliwa mzee atatolewa. Akaozwa. Kaka yake akakimbilia Mombasa kwa ngalawa, hakusema naye tena mpaka kufa. Mume wangu kazaliwa 1972 katika ndoa ile, na hajui. Kila Ijumaa anamwombea dua baba yake. Picha ya marehemu iko ukumbini Wete, na mavyaa mwenyewe huifuta vumbi! Huu si unafiki? Mwishoni kaandika kuwa ayasome mjukuu wake mkubwa wa kike, yeye akishakufa. Je, nimwambie mume wangu ukweli kuhusu mama yake? Tena siku hizi mavyaa anatuingilia. Binti yetu huyo mkubwa, miaka 20, kaposwa na mtu wa heshima anayeishi Maskati, aliyetusaidia kumaliza nyumba. Tulipomuuliza alinyamaza, na kunyamaza ndiyo ridhaa. Sasa yuko Wete, na bibi yake kasema harusi haipo. Nishauri. Mama Wanne, Fuoni."

Jibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Pole kwa miaka 22 ya kuishi na mkwe asiyekuchangamkia. Inachosha, najua. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona aliyeonewa humo si wewe.

Tuanze na hiyo "kwa bahati". Mtu anaweza kufunua daftari kwa bahati akaona mstari mmoja, akalifunika. Madaftari matatu ya penseli, mwandiko wa mtu aliyesoma chuo cha Kurani miaka sitini nyuma, hayasomeki kwa bahati. Yanataka taa na kikao. Mwenyewe kalala hospitali jicho limefungwa, na wewe siri yake iko mapajani mwako unaifuatisha kwa kidole. Hukusema kama umeyarudisha. Hukusema kama umeyapiga picha kwa simu, wala umeshamhadithia nani. Nakuuliza kwa sababu nadhani jibu nalijua.

Halafu umeandika "ukweli kuhusu mama yake". Kwa nini kuhusu mama yake? Binti wa miaka 17, baba yuko ndani, watu wanakuja nyumbani usiku na bei ya kumtoa. Katika hao wote yeye ndiye asiye na jambo la kutahayari. Lakini umeinua kalamu, aibu ya wenye nguvu ukambandika mnyonge. Ndivyo alivyofanya kaka yake. Alipanda ngalawa akaokoka, kisha akamnunia dada aliyebaki kulipa. Mavyaa wako ameyaona hayo kwa ndugu wa tumbo moja. Unastaajabu kwa nini hana maneno mengi na mkaza mwana?

Vijana wengi wanaonisoma hawajui habari za mwaka ule, na wakubwa wao hawawasimulii. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 watu wengi waliwekwa ndani, wengine bila kufikishwa mahakamani, na nyumbani kwao hakuna aliyejua watatoka lini. Mke alikuwa anapeleka kikapu cha chakula jela bila kujua kama mwenyewe yu hai. Mwaka 1970, mwezi wa Septemba, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Jamaa zao wanaume waliopinga wakatiwa ndani. Magazeti ya nje yaliandika, dunia ikapiga kelele, nasi hapa tukazungumza kwa macho tu. Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972, akaingia Mzee Jumbe, na mambo mengi yakalegea polepole. Wale wanne wametajwa vitabuni. Wa mfano wa mavyaa wako wametajwa wapi, kama si katika makasha yao wenyewe?

Mimi mwaka ule nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alitolewa bibi harusi pasi na kigoma wala kigelegele. Niliona mikono yake tu, imetiwa hina, imeshikilia ukingo wa mlango. Mama akanivuta ndani. Hatukuizungumza kamwe, si siku ile wala baadaye.

Sasa picha. Umeiita unafiki. Mwanangu, mwanamke huyu alizaa mtoto na mtu asiyemtaka. Angeweza kumlea kwa chuki, akamwambia kila akikosea kuwa kafanana na baba yake. Hakufanya hivyo. Alimpa mwanawe baba wa kumwombea dua, akaitundika ile picha, na kila wiki akachukua kitambaa akaufuta uso ule kwa mkono wake ili mtoto asikue na shimo kifuani. Miaka hamsini! Mimi nimezaa, nimelea, na sidhani kama ningeliweza hilo. Unalala na mume mpole asiyenyanyua mkono, umelisema mwenyewe mwisho wa barua yako ndefu ambayo hapa nimeifupisha. Upole ule umetoka wapi, kama si kwa mama huyo?

Na una hakika gani kwamba mumeo hajui? Wete si mji mkubwa. Mtoto aliyekulia pale, akacheza na watoto wa majirani, akasikia wazee wakikatisha maneno anapopita, asijue kabisa? Mimi nafikiri huenda anajua tangu zamani, na dua ya Ijumaa ni ya mtu anayejua. Anayeombewa maghufira ni mwenye madhambi. Wewe unataka kumletea kama habari mpya jambo ambalo mama na mwana wamelifunika pamoja kwa kuheshimiana. Siri ya mtungi aijuaye kata, nawe hukuwamo mtungini.

Nafika kwenye kiini, ambacho umekitia mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni. Mtu wa Maskati. Umri wake hukuutaja, nami naelewa maana yake. Kama ana mke hukusema pia. Ulichosema ni kuwa ni wa heshima na kwamba "alitusaidia kumaliza nyumba". Yaani mnadaiwa. Mavyaa wako alitolewa ili baba atoke jela, na binti yako anatolewa ili baba atoke kwenye deni. Umeyasoma madaftari yote matatu, penseli iliyofifia umeihangaikia usiku kucha, na hukuona kuwa yule mama aliyekuja kuambiwa bei ya binti yake, mara hii ni wewe.

Mavyaa wako kaona. Ndiyo maana kasema harusi haipo. Mwanamke aliyenyamaza tangu 1970 akifungua mdomo mara moja, kaufungua kwa ajili ya mwanao, na wewe unaita kuingilia. Na nakushuku kwa jambo moja zaidi, unisamehe kama nakosea: swali lako la kumwambia mumeo limekuja wakati huu kwa sababu unatafuta la kumnyamazisha bibi. Mumeo akivurugika na mama yake, nani atasikiliza neno la Wete juu ya harusi?

Umetumia dini, basi tuzungumze dini. Kweli ipo hadithi kuwa ridhaa ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Hiyo ni kumhifadhia haya, asilazimike kutamka mbele ya wanaume kuwa anamtaka fulani. Haikuja kumwekea mtego. Kimya cha haya hubaki nyumbani kikainamisha uso. Cha mwanao kimefungasha nguo, kikapanda boti hadi Mkoani, kikashika daladala hadi Wete. Hicho unakiita ridhaa? Na katika Bukhari imo habari ya Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, akaenda kushitaki kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na ndoa ile ikabatilishwa. Baba yake hakuwa mkubwa wa serikali, wala hakuwa na bunduki. Alikuwa mzazi tu, kama wewe.

Nasema na wengine pia, kwa sababu barua za namna hii zinanijia nyingi na zinaniuma. Siku hizi tunajisifu kuwa mabinti wetu wamesoma na kwamba zile ni habari za zamani. Lakini mtu akipiga simu kutoka ng'ambo, ana maduka, kapeleka bati na saruji, tunajikuta tumeshamwita mkwe kabla ya mtoto kusikia jina lake. Ukumbi umelipiwa, sare zimeshonwa, mashoga wa mama wameshajua rangi, na hapo ndipo anaulizwa, mbele ya shangazi sita, na kila mmoja anamtazama. Atasema nini? Akirudi na begi baada ya mwaka, walewale mashangazi watasema hana subira. Kisha anakwenda kukaa barazani kwa kadhi kutafuta khului, talaka ya mke kujikomboa, arejeshe mahari ambayo hata yeye hakuyaona. Nani alimlazimisha, tunauliza, wakati hakuna aliyekuja na askari mlangoni.

Kuhusu madaftari, nikukumbushe Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mwanamke kushika kalamu ilikuwa aibu. Habari za maisha yake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake. Humo mna ndugu waliogombana hata wakatazamana kwa bunduki, na yeye kati yao akajuta. Hakuna aliyemchapishia kwa kumwibia kasha. Alichagua mwenyewe aseme nini, lini, na kwa nani. Mavyaa wako naye kachagua: mjukuu wake mkubwa wa kike, baada ya kifo. Msomaji wa madaftari yale ndiye huyo unayetaka kumsafirisha Maskati.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mumeo posa irudi, na hilo tu ndilo la kumwambia. Nendeni kwa mdai mkiwa wawili, muandikishane namna ya kulipa. Pangisheni vyumba viwili vya hiyo nyumba, na kama kuna dhahabu shingoni mwako, ivue wewe kabla ya kumtoa mtoto. Ukishamaliza, futa picha ulizopiga, na kama kuna uliyemtumia, kafute na kwake mbele ya macho yako. Panda boti uende Pemba bila mumeo. Madaftari yafunge katika kanga mpya, umwekee mavyaa mbele, umwambie: mama, nimeyasoma bila ruhusa yako, nisamehe. Usijieleze zaidi ya hapo. Akikutukana pokea. Akinyamaza kaa naye, saidia kupika, lala hapo siku mbili. Muache yeye aamue kama anamsubirisha mjukuu mpaka afe au atamwita jioni ileile.

Na ile picha ukumbini usiiguse, hata kama utaikuta ina vumbi.