Miaka mitatu ya dawa za fangasi, kumbe haikuwa fangasi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 58, naishi Muheza. Kwa miaka mitatu nawashwa sehemu za siri, upande wa kushoto. Tyubu za dawa za fangasi nilizopaka sizihesabu tena. Vidonge nimekunywa, maji ya chumvi na mwarobaini nimeoshea. Mume wangu alisema ugonjwa nimeutoa nilikokwenda, akahamia chumba cha watoto. Mwezi uliopita daktari alinikata kinyama kidogo cha kupima, na majibu yamesema ni Paget ya vulva, aina ya saratani. Wanataka nifanyiwe upasuaji Dar es Salaam, na kabla ya hapo nipimwe kibofu na utumbo mpana. Binti yangu katafuta kwenye simu, kakuta Paget ni ugonjwa wa mifupa. Jirani anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Je, ni ugonjwa wa zinaa? Nikatwe au niache? Mume wangu nimwambie nini?*
*Mama D.*

Marahaba, mwenzangu, ingawa kwa umri huo nadhani mimi na wewe ni wa kujuliana hali tu.

Nianze na la zinaa, kwa kuwa ndilo lililomhamisha mzee chumba. Hapana. Paget haiambukizi. Hukuipata kwa mwanamume, hukuipata kwa uchafu, na mumeo hataipata kwako. Zipo saratani nyingine za vulva, yaani sehemu ya nje ya uke, zinazohusiana na kirusi cha HPV, kile ambacho wasichana huchanjwa kujikinga nacho. Paget haimo humo. Na hata ingekuwemo, kirusi hicho huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo bado asingekuwa na haki ya kukuuliza ulikwenda wapi.

Binti yako hakukosea kusoma, ila kasoma ukurasa usio wako. James Paget alikuwa daktari mpasuaji wa Uingereza. Mwaka 1874 alieleza habari za wanawake waliokuwa na vidonda kwenye chuchu vinavyofanana na pumu ya ngozi, kisha wakapata saratani ya titi. Miaka mitatu baadaye akaeleza ugonjwa wa mifupa, nao ukapewa jina lake. Wako ni ndugu wa ule wa chuchu. Mifupa haihusiki.

Sasa hiyo miaka mitatu. Seli za Paget hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi na kutambaa polepole sana. Zinawasha, zinaunguza, ngozi inakuwa nyekundu yenye magamba meupe, wakati mwingine inatoa majimaji. Kwetu wenye ngozi nyeusi hata huo wekundu waweza usionekane, ukaona tu doa ambalo rangi yake si ya jirani zake. Ukilitazama haraka utaapa ni fangasi. Tena baadhi ya zile krimu za dukani zimechanganywa na dawa ya kutuliza uvimbe, basi unapata nafuu ya siku nne tano, unaamini unapona. Na ugonjwa wenyewe ni adimu: katika saratani 100 za vulva, ambazo zenyewe si nyingi, Paget ni 1 au 2 hivi. Mhudumu anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asiione.

Lakini sitawatetea mno. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mtu wa kwanza unayemtaja kuwa alikugusa ni huyo aliyekukata kinyama. Nina wasiwasi wengine wote walikusikiliza ukiwa umekaa kitini na kanga yako, wakaandika dawa. Muwasho uliokataa dawa ya kwanza na ya pili ulihitaji mtu awashe taa atazame. Nasi wenyewe tuna letu hapo. Somo wangu alinifundisha kujifukiza udi na kutandika kitanda. Kujitazama kwa kioo hakunifundisha, nami nilikuwa na watoto watatu kabla sijajaribu.

Jirani yako hakulitunga neno hilo, limezagaa kila mtaa. Watu huchelewa, wanafika hospitali ugonjwa umekwishasambaa, wanakatwa, wanakufa, na lawama anabebeshwa kisu. Kile kinyama cha milimita chache ulichokatwa kwa ganzi hakikusambaza kitu. Bila hicho ungekuwa kwenye tyubu ya kumi.

Kibofu na utumbo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoandika, na wala hukuliweka kama swali. Mara nyingi Paget huanzia hapo hapo kwenye ngozi. Mara chache seli hizo huwa zimetoka kwenye saratani iliyojificha jirani, kwenye njia ya haja kubwa au kwenye kibofu, zikapanda hadi nje. Mtaalamu wa maabara huzipaka rangi maalumu ili kujua asili yake, na pia kuhakikisha si melanoma, saratani nyingine ya ngozi inayoweza kufanana nayo. Hata hivyo madaktari hutaka kuingiza kamera ndogo wajionee. Uliza pia kuhusu matiti na mlango wa kizazi. Kukiwa safi kote, umepata habari njema.

Nikatwe au niache? Ukatwe, ila uingie ukijua. Wataondoa lile doa pamoja na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima, kwa sababu seli hizi hutambaa kupita pale jicho linapoishia. Doa likiwa dogo hushonwa tu. Likiwa kubwa huenda wakahamishia hapo ngozi ya pajani. Kukaa kutakuwa shida kwa wiki kadhaa, na mkojo unaweza ukawa unaruka pembeni, jambo ambalo madaktari wengi husahau kulisema. Muulize daktari swali moja: seli ziko juu tu, au zimezama? Zilizobaki juu ni nadra kuua. Zikizama, watahitaji kuchunguza au kuondoa mitoki ya kinena, na mguu unaweza kuvimba baadaye. Kwa zilizo juu ipo pia krimu inayoitwa imikwimodi, hupakwa kwa miezi na huchubua vibaya, lakini wengine huwaokoa na kisu. Mionzi hutumika zaidi pale upasuaji unaposhindikana.

Na hurudi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu huiona tena, hata baada ya miaka, kwa hiyo kliniki utaizoea. Mpaka siku ya upasuaji acha chumvi, acha mwarobaini, acha udi. Maji matupu na nguo ya pamba isiyobana.

Mumeo. Usimbembeleze, na usimwekee kikao. Mwambie: "Majibu yametoka. Ni saratani ya ngozi, haiambukizi. Nataka twende wote kwa daktari." Kisha nyamaza. Wapo wanaume wanaoliamini koti jeupe kuliko mke waliyeishi naye miaka thelathini. Inaudhi, lakini litumie hilo koti. Radhi anakudai wewe? Hapana, wewe ndiye unayemdai, ila usiahirishe upasuaji kwa kuisubiri. Kuhusu kitanda, ugonjwa haukatazi. Maumivu ndiyo yatakayoamua, na baada ya kukatwa mtangoja kidonda kifunge.

Binti yako aiweke simu, achukue daftari aandike maswali haya, kwa kuwa wewe ukifika mbele ya daktari utayasahau. Na msiondoke Muheza bila karatasi ya majibu mkononi. Ombeni pia vile vioo vya maabara vyenye kinyama chako. Kwa ugonjwa adimu namna hii, huko Dar watataka kuviweka tena chini ya hadubini yao wenyewe, na mkivisahau ni safari mbili.